Kutoka Landrova hadi Shangingi: Dola na Magari Yake Makuukuu

Kiswahili cha Tanzania hakijawahi kuliacha gari la mkubwa lipite bila kulipa jina. Baada ya uhuru tuliwaita wenye madaraka Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililohamia nchini, lenye mila na miiko yake, linalotambulika kwa chapa ya gari badala ya chale za usoni. Miaka ya tisini ikatuletea shangingi. Neno hilo lilikuwa likimsema mwanamke wa mjini aliyekubuhu, mpenda anasa na mwenye gharama. Watu walipoiona Land Cruiser VX ikipita, pana, nzito, ikinywa mafuta ya umma, wakaona jina wanalo tayari. (Kwamba aibu ya wakubwa, wengi wao wanaume, ilibidi itwishwe jina la mwanamke ni jambo linalostahili makala yake lenyewe.) Leo tunasema "V8" na kila mtu anaelewa kwamba hatuzungumzii injini.

Nimeirudia historia hii kwa sababu ya swali la vijana wa kituo kimoja cha msaada wa kisheria huko mikoani, baadhi yao waliopitia darasani kwangu. Wamechangishana kwa muda mrefu ili wapate gari la kuwafikisha vijijini, kwenye mabaraza ya ardhi, pamoja na wajane na wazee wanaowatetea. Fedha zao hazifikii gari jipya. Zinafikia Land Cruiser kuukuu, nao wameletewa matoleo manne wachague: la 60, la 80, la 100 na ndugu yake wa 105. Fundi wamekwishamwuliza. Mimi wamenitaka niwape maoni ya mwalimu wa historia, nadhani kwa utani. Lakini nimelichukua swali kwa uzito wake, maana ninaamini kwamba matoleo hayo manne yanatueleza jinsi dola yetu ilivyojitenga na watumishi wake wa chini, na kwamba maelezo hayo yana manufaa hata kwa mnunuzi.

Tuanze kabla ya Toyota. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na haikuchukua muda ikawa chombo cha kawaida cha utawala wa Mwingereza katika makoloni yake. Uhuru uliirithi pamoja na mafaili na majengo. Mkuu wa wilaya aliipanda, na bwana shamba aliipanda, na bwana afya aliyekwenda kuchanja ng'ombe au watoto aliipanda. Sitaki kuupamba wakati huo: mkubwa alikaa mbele na tarishi alirushwarushwa nyuma. Hata hivyo mashine ilikuwa moja. Springi ngumu zilizomwumiza tarishi zilimwumiza na mkuu wa wilaya, na daraja lililovunjika liliwakwamisha wote. Mtawala aliijua barabara kwa mgongo wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na miiko yake ya uongozi, lilijaribu kuihifadhi hali hiyo kwa kanuni. Uhaba ukaihifadhi kwa nguvu zaidi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikaikausha hazina, fedha za kigeni zikawa adimu, na spea ya Landrova ikawa kitu cha kuombewa. Wanaokumbuka enzi hizo wanakumbuka magari ya idara yaliyoinuliwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, yakitolewa kiungo kimoja kimoja ili mengine yatembee. Wakati huohuo mikoa iligawiwa wafadhili katika mipango ya maendeleo: Wajerumani wakaishughulikia Tanga, Wanorwei wakaenda Rukwa, Wamarekani Arusha, na kila mradi ulikuja na magari yake. Ndipo Toyota ilipopata nafasi. Gari lake lilikuwa limezaliwa mwaka 1951 kwa kufuata umbo la jipu la kijeshi, likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na toleo la 40 lililoanza mwaka 1960 lilikuwa limekwisha kujitangaza kwa sifa moja, kwamba lilikubali kutendewa vibaya.

Toleo la 60, lililotoka mwaka 1980, ndilo la kwanza kati ya manne ya vijana wetu. Lina bodi ya gari la familia juu ya miguu ya lori: ekseli zisizogawanyika mbele na nyuma, na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Linapita popote, na abiria wake hupata habari za kila jiwe.

Mwaka 1984 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Huko Japani, Toyota ilitoa toleo la 70 kurithi kazi ya lile la 40, na kwa hatua hiyo ikaiacha njia panda wazi: upande mmoja 70, gari la shamba, la jeshi na la hospitali, upande wa pili 60 na warithi wake, ambao kila kizazi kilizidi kuwa laini. Huku kwetu, bajeti ya mwaka huohuo iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata mwaka 1986, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likailegeza ile miiko ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha na mshahara zaidi ya mmoja. Mtu wa namna hiyo alihitaji gari la namna hiyo, na gari lilikuwa limeshafika sokoni: toleo la 80, lililoanza kuuzwa mwaka 1990.

Hili la 80 linastahili kuangaliwa kwa makini. Liliacha springi bapa, likachukua springi za kujiviringisha kwa magurudumu yote manne, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kwenda Singida kwa gari la aina hii akafika na kiuno chake. Lakini ekseli zilibaki nzima, na chini ya boneti, katika matoleo yaliyoletwa Afrika, mara nyingi ilikaa injini iitwayo 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila tabo na bila kompyuta ya kuipimia mafuta. Injini hiyohiyo iliwekwa katika toleo la 70. Maana yake ni kwamba shangingi la katibu mkuu na gari la wagonjwa la wilaya, ambalo mafundi huliita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa lililosimama kando ya kioo, yalikuwa na moyo mmoja. Fundi aliyelijua moja alilijua la pili. Kitabaka mambo yalikwisha kuachana. Kiufundi bado yalikuwa pamoja.

Hapa lazima tuitazame Japani tena, maana si kila 80 iliyopo nchini ilianzia serikalini. Japani iliweka mwaka 1992 sheria ya kudhibiti moshi wa magari katika miji mikubwa, ikaikaza mwaka 2001, na magari mengi ya dizeli ya umri fulani hayakuweza tena kusajiliwa maeneo kama ya Tokyo na Osaka. Ukijumlisha gharama za ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili, mwenye gari aliona afadhali aliuze. Usukani uko kulia kama wetu, meli zipo. Hewa ya Tokyo ikasafishwa, na sehemu ya moshi wake ikaja Mbagala na Mombasa. Sisemi hivyo kulaani mitumba, ambayo imewapa magari watu ambao dola ilikuwa imewasahau. Nasema kwa sababu 80 ya Tokyo si sawa na 80 ya wizara: ya Tokyo mara nyingi ina tabo na gia za kujibadilisha zenyewe, na ikiwa ilikaa mikoa ya theluji, chumvi ya barabarani imekwisha kuitafuna chesisi. Ya wizara ina gia za mkono na injini ya kawaida, na machovu yake yanaonekana kwa macho.

Mwaka 1998 likaja toleo la 100, na hapo uzi ukakatika. Ekseli ya mbele iliondolewa, kila gurudumu la mbele likajitegemea. Ikaingia injini ya petroli ya V8 ya lita 4.7, au dizeli yenye tabo inayoongozwa na kompyuta. Magari ya daraja la juu yakapewa hata mfumo wa maji ya hidroliki wa kuliinua na kulishusha gari. Toyota walijua kwamba si wateja wote wangeweza kuishi na mambo hayo, ndiyo maana wakatengeneza pia 105: sura ileile ya 100, lakini chini yake ekseli nzima ya mbele na mara nyingi 1HZ ileile ya zamani, kwa ajili ya masoko kama Afrika na Australia. Kwa nje mtu asiyejua hawezi kuyatofautisha. Tofauti iliyokuwa kati ya 70 na 60 ilihamia ndani ya gari moja.

Warithi wa 100 hawakuitazama nyuma. Toleo la 200 la mwaka 2007 lililetwa na V8, na dola yetu ikalipenda kiasi cha kuligeuza jina la tabaka zima. Walikuwapo waliojaribu kulizuia. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliyakemea mashangingi hadharani. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 waziri wao wa fedha, Uhuru Kenyatta, aliwataka mawaziri warudishe magari yao makubwa na kupewa Volkswagen Passat za sisi 1800. Baadhi walizirudisha kwa kununa, wengine wakapata sababu. Sababu inayotolewa kila mara, huko na huku, ni barabara mbaya. Sababu hiyo ingekuwa na nguvu kama tusingeliona lile gari la wagonjwa. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi anapelekwa hospitali ya wilaya akiwa amelala nyuma ya mkonga, juu ya springi bapa, kwenye barabara ileile ambayo mkurugenzi wake anaipita juu ya springi laini akisoma taarifa ya vifo vya wajawazito. Kama ubovu wa barabara ndio kigezo, springi laini zilipaswa kwenda kwanza kwa aliyelala.

Toleo la 300, lililotoka mwaka 2021, lina silinda sita tu. Watu wanaendelea kuliita V8.

Sasa vijana wangu wachague nini? La 60 ningewaachia wapenzi wa vitu vya kale. Ni gari la heshima, lakini bodi yake huliwa na kutu, viungo vyake vya ndani vimeadimika, na mjane wa miaka 70 haitakiwi kumpa safari ya adhabu kabla hajasimama mbele ya baraza. La 100 lenye V8 ya petroli ni zuri sana, tulivu kama sebule, na kwa bei ya leo ya gari lenyewe linaweza kuonekana la kuokota. Linauzwa hivyo kwa sababu mwenye nalo amechoka kulijazia mafuta. Likiharibika mfumo wa hidroliki au kifaa cha umeme huko porini, kituo chenu kitafungwa hadi mtu apande basi kwenda Dar es Salaam. Gari hilo lilibuniwa kwa mtu ambaye gharama zake zinalipwa na mwingine, na nyinyi hamna mwingine.

Zinabaki 80 na 105, zote zenye 1HZ na gia za mkono. Nikilazimishwa nitasema 105, kwa kuwa ni changa zaidi na kabini yake ni pana; lakini 80 iliyotunzwa inaishinda 105 iliyoteswa, wala msimwamini dalali anayewaambia kila 100 ni 105. Inameni muitazame ekseli ya mbele. Popote penye gari la wagonjwa la toleo la 70 lenye injini hiyo, yupo fundi anayeifahamu, na chujio la dizeli litapatikana dukani. Haina mbio. Mlimani itawapitwa na mabasi, nanyi mtazoea.

Kama gari linatoka mnadani, ulizeni lilikuwa na namba gani. Lililokuwa na DFP, yaani la mradi wa wafadhili, kwa kawaida limetembea sana kwenye vumbi lakini huduma zake zimefanywa kwa ratiba na daftari lipo. Lililokuwa la STK pengine limetembea lami zaidi, ila huduma yake ilitegemea kama fungu lilikuwa limeingia. Mimi ningelipenda la kwanza. Angalieni pia kama injini imewahi kuchemka, kwa sababu silinda hedi ya 1HZ ikichemka sana hupata ufa, na ufa hufichwa kwa wiki mbili tu. Na mkanda wa taimingi, unaopaswa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, ubadilisheni siku mnayopewa kadi, hata muuzaji akiapa kwamba ameubadilisha mwezi uliopita.