Cheni, mnyororo, kebo na waya: kutaja vifaa vya kufunga tairini

cheni nm [i-/zi-]. Mnyororo nm mi- [u-/i-]. Kebo nm [i-/zi-]. Waya nm [u-/zi-], wingi nyaya.

Maneno haya manne hukutana katika kutaja kifaa kinachozungushwa juu ya tairi ili gurudumu lishike ardhi inayoteleza. Katika nchi za baridi ardhi hiyo ni ya theluji au barafu. Tabora, mji ulio kwenye uwanda wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, haupati theluji. Utelezi wake ni wa mvua za Novemba hadi Aprili, hasa kwenye mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata. Mfasiri anayegeuza maelezo ya kifaa hiki kwa Kiswahili ana wajibu wa kumwezesha dereva kuchagua kitu sahihi. Neno likikosewa, hata kifaa hukosewa.

Vitu viwili tofauti

*Cheni ya tairi* imeundwa kwa pete za chuma zilizoshikana. Ni nzito, huuma ardhi kwa nguvu, na huhitaji nafasi ya kutosha kati ya tairi na bodi, breki na springi.

*Kebo ya tairi* imeundwa kwa nyuzi za chuma zilizosokotwa, aghalabu zikiwa zimevishwa vipande vya chuma sehemu inayokanyaga. Ni nyembamba na nyepesi, hufaa pale nafasi ya gurudumu ni ndogo, lakini huuma kwa kiasi kidogo zaidi. Katika matope mazito ya mbuga, kebo hufunikwa na udongo upesi. Pikapu yenye mzigo na nafasi ya kutosha huhitaji cheni.

Uteuzi wa neno

*Cheni* ndilo neno la gereji na la barabarani, kama katika *cheni ya baiskeli*. Hata hivyo, dereva aliyekwama akiambiwa tu “leta cheni”, anaweza kuleta ile ya kuvutia gari. Kwa hiyo katika maandishi neno lisiachwe peke yake: iandikwe *cheni ya tairi* au *cheni ya kuvutia gari*. Mkufu wa dhahabu pia huitwa cheni, lakini muktadha huondoa utata huo.

*Mnyororo* ni neno pana na rasmi zaidi. Ndilo linalotumika kwa maana ya kitamathali: *mnyororo wa thamani wa asali*, kwa mfano, katika maandishi ya kilimo na ufugaji wa nyuki mkoani Tabora. Hapa *cheni* haikubaliki katika lugha sanifu.

*Waya* lisitumike peke yake kwa kebo ya tairi. Msomaji hufikiria waya wa umeme au wa kufungia mizigo, na anayezungushia tairi waya wa namna hiyo huhatarisha tairi, bomba la breki na watu walio karibu unapokatika. Iandikwe *kebo ya tairi*, kisha ifafanuliwe mara ya kwanza: *kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa*.

“Kufungwa minyororo”

Fungu hili lina uzito wa pekee katika Tabora. Katika karne ya 19 mji huu, uliokuwa katika utemi wa Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Watumwa walipitishwa wakiwa wamefungwa minyororo shingoni, au wametiwa *kongwa* (wingi *makongwa*), yaani mti wenye panda unaobana shingo. Lakini wengi wa waliobeba pembe za ndovu na vitambaa walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Kuandika kwamba msafara mzima “ulifungwa minyororo” ni kuwanyima wapagazi hao hadhi yao, na pia kupunguza uzito wa neno kwa wale waliofungwa kweli. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Kwa sababu hiyo, mtu *aliyefungwa minyororo* ni mateka au mfungwa, na *gari lililofungwa minyororo* huweza kueleweka kuwa limezuiwa lisiondoke. Kinachokusudiwa ni kinyume chake: gari limesaidiwa liende. Iandikwe *gari lililofungwa cheni tairini*.

Upatanisho wa kisarufi

- Cheni imelegea, cheni zimelegea. (Si *macheni*.)
- Mnyororo umekatika, minyororo imekatika.
- Kebo imekazwa, kebo zimekazwa.
- Waya umekatika, nyaya zimekatika.

Neno *nyororo* lisichanganywe na mnyororo. Katika *ngozi nyororo* ni kivumishi chenye shina *-ororo*, maana yake laini.

Mfano wa matini iliyofasiriwa

“Kabla ya kununua cheni za tairi, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Katika 265/65R17, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni aina ya muundo wa tairi, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Cheni isiyolingana na namba hizo isifungwe. Soma pia kitabu cha gari: baadhi ya magari hayana nafasi ya cheni, bali ya kebo tu. Kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, funga cheni kwenye magurudumu ya nyuma. Endesha umbali mfupi, simama, kisha kaza tena. Usizidi mwendo uliotajwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni takriban kilomita 50 kwa saa. Ukifika kwenye lami kavu, fungua cheni.”

Katika matini ya namna hii namba na vipimo havibadilishwi. *Theluji* ni ile inayoanguka kutoka angani. *Barafu* ni maji yaliyoganda. Maelezo ya mtengenezaji yakitaja theluji, mfasiri asiweke *matope* mahali pake: cheni iliyopimwa kwa theluji haikupimwa kwa udongo wa mbuga.

Linganisha: pingu, kongwa, mkufu, silisili, kamba.