Mchezaji Aliyeaga Mshahara Mnono

Leo tumtazame Billy Sunday, Mmarekani aliyezaliwa Iowa mwaka 1862. Majuma machache baadaye baba yake, aliyekuwa askari, alifariki. Umaskini ulipozidi, mama alimpeleka nyumba ya mayatima.

Mwaka 1883 Cap Anson, nahodha wa timu ya besiboli ya Chicago, alimchukua kwa sababu ya mbio zake. Katika mchezo huo mtu hupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Billy alikuwa mlinzi wa nje, yule asimamaye mbali nyuma ya wenzake ili adake mipira mirefu.

Siku yake ya kwanza alishindwa kuupiga mpira mara nne. Hata alipozoea, alifaulu kama mara moja tu katika nne. Chicago ilimwuza kwa Pittsburgh, na mwaka 1890 akahamia Philadelphia. Alicheza michezo 499, wala hakuhesabiwa miongoni mwa wapigaji wakuu. Lakini miguu aliyopewa na Mungu aliitumia: mwaka huo wa 1890 aliwahi vituo 84 kwa mbio, kabla wapinzani hawajamzuia.

Alipokuwa bado Chicago, alisikia barabarani nyimbo za watu wa Pacific Garden Mission. Aliwafuata, na baadaye akampokea Kristo. Moyo wake ukavutwa kwenye utumishi, lakini alikuwa amefungwa na mkataba wa Philadelphia hadi mwaka 1893. Je, alitoroka kwa kuwa ameitwa na Mungu? La! Aliomba ruhusa, na mwezi wa Machi 1891 akaachiliwa. Ndipo akaingia kazi ya YMCA kwa dola 83 kwa mwezi, ingawa besiboli ingemlipa dola 400 au zaidi.

Mwaka 1903 Wapresbiteri walimwekea mikono, na hadi kifo chake mwaka 1935 alihubiria makutano makubwa.

Ndugu yangu, dada yangu, labda wewe nawe si hodari kuliko wenzako kazini. Mungu hakuulizi talanta ya jirani. Akuuliza yako, na akuuliza pia kama neno ulilompa mwajiri wako bado ni neno. Asiyetimiza ahadi ndogo, nani atamkabidhi kubwa?

Bwana awabariki.