Tembo wa Dhahabu, Nyasi za Karatasi

Siku hizi likitajwa neno "vikwazo" akili zetu zinakimbilia Urusi na Iran. Machi 2022 Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao Urusi, na mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa huko na kadi ya benki ya kwao akabaki na hela asizoweza kununulia mkate. Watu wakasema haya ni mambo ya dunia ya mitandao. Mimi nabisha. Masasi na Newala waliyaona zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwenye karatasi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1914 nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na fedha yake ilikuwa rupia, iliyogawanywa kwa heller 100 tangu 1904. Rupia haikuwa anasa. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia, na asiyekuwa nayo alilipa kwa jasho. Basi Mmakonde mwenye mtama na muhogo wake wa kumtosha alilazimika kutafuta cha kuuza, mathalani mpira wa porini au nta, ili tu aipate hiyo rupia. Ndivyo mtu wa uwanda wa juu alivyofungwa kamba moja na Ulaya bila kuulizwa.

Vita vikaja, na kamba ikakatwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliipiga mizinga Dar es Salaam ikiulenga mnara wa simu ya upepo. Kwanza mawasiliano, unaona? Machi 1915 Waingereza wakatangaza kuifunga pwani yote. Kuanzia hapo nguo, dawa, sarafu na noti za kutoka Ujerumani vikawa ndoto. Meli zilizopenya zilikuwa mbili tu. Ya pili, Marie, ilitia nanga Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, na shehena yake ikapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi.

Sasa serikali isiyo na fedha inafanyaje? Inatengeneza. Wajerumani walichapa noti za muda humu humu nchini. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu za shaba, na nyingine chache za dhahabu, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Mwaka 1917, jeshi lilipokwisha sukumwa kusini, noti ziligongwa kwa mihuri ya mpira, kama risiti ya duka. Wakusanyaji wa fedha za kale wanaziita "noti za porini".

Noti ni ahadi. Anayeipokea anaamini kwamba kesho mwenye kuitoa atakuwepo. Lakini Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano makali ya Mahiwa, na mwezi uliofuata jeshi la von Lettow-Vorbeck likapita Newala, likateremka bondeni, na tarehe 25 Novemba likavuka Ruvuma pale Ngomano. Mtoa ahadi kavuka mto, ahadi kaiacha ng'ambo ya huku. Waingereza waliingia na rupia yao ya India, kisha miaka ya 1920 na 1921 wakaleta florin na halafu shilingi. Aliyebeba mzigo akalipwa karatasi ya porini, nani sasa amlipe?

Najua kuna atakayeniambia kwamba vita si vikwazo, kwamba mzinga si sawa na barua ya benki. Ni kweli, havilingani kwa ukatili. Ila vinafanya kazi kwa namna moja. Mkubwa anamlenga mkubwa mwenziwe, anakata njia iliyo katikati yao, na yule aliyelengwa anajiokoa kwa kuushusha mzigo kwa aliye chini yake. Tena tazama: kufungwa kwa pwani hakukumwondoa Lettow-Vorbeck vitani. Alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya kuvuka Ruvuma, na hapo ni kwa sababu Ujerumani yenyewe ilikwisha kubali kushindwa. Aliyebanwa kwelikweli alikuwa mtu wa kijijini aliyetaka chumvi na kipande cha kaniki.

Wahenga wamesema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Mimi naongeza: tembo alipata dhahabu, nyasi zikapata karatasi.

Leo noti zile zinanunuliwa na wakusanyaji ughaibuni kwa bei nzuri. Thamani imerudi, ila si kwa wenyewe waliozitolea jasho. Wenzangu mnaojifunza kuandika, majenerali wameshaandika vitabu vyao. Mpagazi wa Masasi hakuandika. Kazi hiyo ni yetu, na wazee waliosimuliwa na wazee wao wanazidi kupungua.