Plagi: Kwa Nini Dawa ya Jana Ndiyo Ugonjwa wa Leo

Juma hili nimepokea ujumbe uliojaa uchungu kutoka kwa dereva wa teksi anayeendesha Toyota IST hapa Dar es Salaam. Gari lake lilianza kumisi, taa ya injini ikawaka, naye akalikimbiza kwa fundi. Fundi akafungua plagi zote nne, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipiga msasa, akazirudisha. Gari likatembea vizuri siku tatu. Ya nne likarudia yale yale, tena vibaya zaidi. Ndugu yetu anauliza mambo mawili: je, fundi alimwibia? Na je, kazi hiyo hawezi kuifanya mwenyewe nyumbani, maana kila siku gari likilala gereji, watoto nao wanalala bila uhakika?

Jibu la swali la kwanza ni hapana, hakuibiwa. Fundi yule alifanya kwa uaminifu kile alichorithi kwa fundi aliyemfundisha, na huyo naye alirithi kwa mwingine. Kazi ile ilikuwa sahihi kwa miaka mingi sana. Kilichobadilika ni plagi yenyewe.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1860, huko Paris, mhandisi mmoja mzaliwa wa Ubelgiji, Étienne Lenoir, alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Wazo lilikuwa zuri, lakini cheche za wakati ule hazikuaminika. Ndiyo maana Gottlieb Daimler, zaidi ya miaka 20 baadaye, aliona heri atumie kijibomba kilichochomwa na moto hadi kikawa chekundu. Hebu fikiria, moto unawaka karibu na petroli! Mpinzani wake, Karl Benz, aling'ang'ania umeme katika gari lake la mwaka 1886.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja ambaye mimi humhesabu kuwa fundi wa kwanza wa njiani. Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl, alichukua gari la mumewe pamoja na wanawe wawili akaenda kwa mama yake, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita zipatazo mia moja. Inasimuliwa kwamba bomba la petroli lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake, na waya wa umeme ulipochunika aliuzungushia mkanda wa soksi yake. Wala hapakuwa na gereji popote duniani.

Tatizo la cheche lilipata ufumbuzi mwaka 1902, wakati Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alipounganisha mtambo wa umeme wa nguvu kubwa na plagi iliyoweza kustahimili. Kisha biashara ikachangamka. Albert Champion, Mfaransa aliyeshinda mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 1899, alihamia Marekani akafungua kampuni yake Boston mwaka 1905. Baadaye aligombana na wenziwe, akawaachia jina lake, akaanza upya mjini Flint mwaka 1908. Ndiyo sababu plagi za Champion na plagi za AC zote zinatokana na mtu mmoja. Herufi hizo mbili ni za majina yake. Nao Wajapani wa NGK walianza mwaka 1936 mjini Nagoya, wakitoka katika ukoo wa viwanda vya kauri uliokuwa ukitengeneza vikombe na sahani za Noritake. Msishangae. Plagi ni kauri iliyovikwa chuma, na asiyejua kuoka kauri hawezi kutengeneza plagi.

Kazi yake ni ya mateso. Injini ya kawaida ya petroli ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 25 kwa sekunde moja, ndani ya moto unaozidi nyuzi 2,000 za joto. Na zamani mateso hayo yaliongezwa uchafu. Kabureta ilimimina petroli kwa kukadiria, ikizidi inaacha masizi. Halafu kuanzia mwaka 1923 Wamarekani waliuza petroli iliyotiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo iliganda kwenye ncha ya plagi kama ukoko wa wali.

Kwa hiyo brashi ilikuwa na sababu. Mimi nilikulia jirani na dereva wa Land Rover ya serikali, ya petroli. Jumapili asubuhi mzee huyo alikuwa akifungua boneti, na plagi zote nne zilionekana ubavuni mwa injini kama vifungo vya shati. Anazitoa, anazisoma. Ndiyo, anazisoma! Rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeusi yenye mafuta, ringi zimechoka. Nyeupe, injini inaungua. Kisha brashi, msasa, na kipande cha msumeno wa chuma kupimia mwanya. Kufunga, alikaza hadi mshipa wa shingo utokeze. Chuma kile kizito cha silinda hedi kilivumilia.

Sasa tazama yaliyotokea. Kabureta iliondoka, petroli ikaanza kupimwa na kompyuta, masizi yakapungua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na ilipofika Januari 2006 zikawa zimeachana nayo. Silinda hedi zikawa za aluminiamu, nyepesi na laini. Na kutoka miaka ya 1990, tulipofungua milango kwa magari yaliyotumika Japani, zilituingilia plagi za platinamu na iridiamu bila mtu kutuambia. Ncha ya plagi ya zamani ilikuwa na unene wa milimita mbili na nusu hivi. Ya iridiamu huweza kuwa ya milimita 0.4, na hutumika kilomita 100,000 au zaidi. Ukiisugua kwa waya unaiharibu, na chembe za chuma zinazobaki kwenye kauri huupa umeme njia ya kutorokea. Ndilo lililompata ndugu yetu wa IST.

Na swali la pili? Anaweza kabisa. IST ya silinda nne ni katika magari rahisi. Chini ya kifuniko cha plastiki kuna koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake na kushikwa kwa bolti ya namba 10. Injini iwe imepoa kabisa, kwa maana aluminiamu yenye moto hung'oka meno pamoja na plagi. Kibanio cha waya kibonyezwe taratibu. Plastiki iliyooka miaka 20 huvunjika kama biskuti. Shughulikia moja moja, na kabla ya kulegeza plagi puliza vumbi lililo shimoni, lisije likaingia kwenye silinda. Soketi ni namba 16, si ile 21 ya zamani.

Penye hatari ni kufunga. Plagi mpya ianze kwa vidole tu, ukizungusha kiungo cha soketi bila mpini. Ikigoma, itoe uanze tena. Usiilazimishe hata kidogo. Ikishakaa, yenye washa mpya huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Kupaka grisi menoni, jambo ambalo mafundi wengi hulipenda, NGK wenyewe hawalishauri, kwa sababu mkono hudanganyika ukakaza kupita kiasi. Meno ya silinda hedi yakikatika, hasara yake huwezi kuilinganisha na bei ya plagi nne.

Tena, kama silinda moja tu ndiyo inamisi, kabla ya kununua chochote hamisha koili yake kwenye silinda ya jirani. Kasoro ikihama nayo, mgonjwa ni koili, wala si plagi.

Wenye Harrier za silinda sita nawaonea huruma. Plagi tatu zimejificha upande wa nyuma, karibu na kioo, na aghalabu lazima ufungue bomba kubwa la hewa ndipo mkono ufike. Hilo mpelekee fundi. Lakini plagi kanunue mwenyewe kwa muuzaji unayemfahamu, maana za bandia zimejaa, na zile kuukuu mwambie akurudishie zote sita.