Hasheem Thabeet, Shane Battier na hesabu ngumu ya ulinzi

Mwishoni mwa Juni 2009 habari iliingia Sumbawanga kwa redio na kwa ujumbe wa simu: Hasheem wa Dar es Salaam ameshika nafasi ya pili kwenye drafti. Katika kijiwe kimoja karibu na soko, ambako drafti ni ubao wa miraba na vizibo vya soda, mzee mmoja aliuliza bila kuinua macho, "Huyo wa kwanza amempiga kingi ngapi?"

Vijana walicheka hadi vizibo vikamwagika. Ikabidi mmoja amweleze mzee, kwa heshima zote, kwamba Wamarekani nao wana drafti yao: kila mwaka timu za ligi ya kikapu ya NBA hukaa New York na kuchagua kwa zamu vijana waliotoka vyuoni. Magazeti ya Dar es Salaam yalifika baadaye, yakiwa yamekunjamana kwenye basi lililokula vumbi la zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduma, maana lami ilikuwa bado haijapanda Ufipa. Picha ikawa hiyo hapo: kijana wa mita 2.21, kofia ya Memphis Grizzlies kichwani, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA.

Lami imefika, na picha ile imeshachakaa, lakini ubishi haujaisha. Ukitaka kuuamsha katika kijiwe chochote chenye wapenzi wa kikapu, taja jina la Hasheem. Wapo wanaosema alizembea. Wengine hulaumu makocha kwa kumwonea, na wengine husema hakuwa na kipaji chochote ila urefu. Wote hupima kwa kipimo kimoja: alizuia mipira mingapi. Historia ya miaka ile inaonyesha kwamba kipimo chenyewe ndicho chenye kasoro.

Kutoka Makongo hadi Connecticut

Hasheem Thabeet Manka alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Makongo, shule inayojulikana kwa michezo, na alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Kwa wenzake wa Marekani huo ni umri wa uzee. Kijana wa Chicago au Houston katika umri huo huwa ameshacheza miaka 8 au 9, na miguu yake inajua mahali pa kwenda kabla kichwa hakijaamua.

Alivuka bahari, akamalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko alikuwa ukuta. Msimu wake wa tatu, 2008/09, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku, yaani mipira aliyoizuia, 4.2 kwa mechi. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kupiga bloku 10. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, chama cha makocha wa vyuo vya Marekani, NABC, kilimpa tuzo ya mlinzi bora wa nchi nzima. Machi ile Connecticut ilifuzu nusu fainali ya taifa, na Aprili ikatolewa na Michigan State kwa 82-73.

Lakini dalili ilikuwepo kwa aliyetaka kuiona. Februari 16, siku Hasheem alipotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja nchini, walikuja vijana wa Pittsburgh na senta wao DeJuan Blair, kijana mnene aliyezidiwa na Hasheem takriban sentimita 20. Walipogombania mpira mmoja, Blair alimvuta Hasheem akampindua juu ya bega lake kama gunia la mahindi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda 76-68. Msimu ule wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, Big East.

Kiti cha Mutombo

Kwa nini Memphis walimtaka namna ile? Kwa sababu kabla yake Waafrika warefu walikuwa wameacha jina kubwa chini ya kikapu. Mwaka 1985 Manute Bol wa Sudan, mita 2.31, aliingia Washington akitokea Chuo Kikuu cha Bridgeport, palepale Connecticut, na msimu wake wa kwanza alipiga bloku 397. Alipostaafu alikuwa amezuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga maishani mwake katika ligi ile.

Akaja Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na ndoto ya udaktari, akatoka humo akiwa mlinzi. Denver walimchukua nafasi ya nne mwaka 1991. Mara nne alitajwa mlinzi bora wa NBA, na alimaliza na bloku 3,289, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Goti lilimtoa Mutombo uwanjani Aprili 2009, akiwa na jezi ya Houston. Miezi miwili baadaye jina la Hasheem likasomwa. Wengi waliona kiti kimepata mrithi.

Juni 25, 2009, Los Angeles Clippers walianza kwa kumchagua Blake Griffin. Memphis, wa pili, wakamchukua Hasheem. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, wa tisa DeMar DeRozan. Blair, yule wa kumpindua mtu begani, alisubiri hadi nafasi ya 37, ndipo San Antonio Spurs wakamchukua. Orodha hiyo ndiyo mzigo ambao Hasheem ameubeba tangu siku ile. Kila Curry alipotwaa ubingwa, kuna mtu mahali aliyeuliza nani aliyemtangulia.

Bloku zilibaki, dakika zikapungua

Msimu wa kwanza Memphis, Hasheem alicheza mechi 68 kwa wastani wa dakika 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Februari 2010 alishushwa ligi ndogo, kwa Dakota Wizards. Wakati ule hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko.

Hebu tupige hesabu ambayo vijiwe huiruka. Chuoni alicheza dakika zipatazo 32 na kupiga bloku 4.2, yaani kama 1.3 kwa kila dakika 10. Memphis alicheza dakika 13 na kupiga bloku 1.3, yaani 1 kwa kila dakika 10. Tofauti ipo, ila si ya mtu aliyesahau kazi. Mkono ulikuwa uleule. Makocha walikuwa wanamnyima dakika, na kocha hamnyimi dakika mtu anayemletea ushindi. Kuna kitu walikiona ambacho bloku haikuwaonyesha.

Wanaolima mpunga katika bonde la Ziwa Rukwa watakielewa upesi. Mpunga ukianza kukomaa, mtu hujengewa dungu katikati ya shamba, akakaa juu na kombeo lake kuamia ndege. Dungu likiwa refu na mkono ukiwa mzuri, shamba zima liko salama.

Hasheem wa Connecticut alikuwa mwamiaji mwenye dungu. Sheria za vyuo zilimruhusu kusimama chini ya kikapu muda wote, akingoja. Kila aliyeingia alikuta mkono juu. NBA ilikuwa imelivunja dungu hilo tangu msimu wa 2001/02: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Lazima ashuke, atembee shambani.

Hapo ndipo umri wa miaka 15 ulipodai deni lake. Timu pinzani zilimtumia mtu mmoja asimame kama mlingoti, mwenye mpira akapita ubavuni mwake, na Hasheem akalazimika kuamua papo hapo: nimfuate huyu au nibaki na yule? Akitoka, alikuwa mzito kurudi. Akibaki, mpira ulitupwa kwa raha. Akichelewa nusu hatua, filimbi ikalia, faulo. Ndani nako walimngoja wanaume wenye vifua vipana kuliko cha Blair. Na kadiri miaka ilivyokwenda, Curry na wenzake waliwafundisha ndege kutua pembezoni kabisa mwa shamba, nyuma ya mstari wa pointi tatu, mahali ambapo kombeo la mtu wa katikati halifiki.

Haki nayo isemwe: Memphis haikuwa na shida ya senta. Ilikuwa tayari na Marc Gasol, aliyekuja kutajwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013, na wiki chache baada ya drafti ikamleta Zach Randolph. Mwanafunzi aliyechelewa kuanza alihitaji dakika nyingi za kukosea. Timu inayotaka kushinda haikuwa na dakika hizo.

Siku walipobadilishana

Februari 24, 2011 ndiyo tarehe ninayowaomba wabishi waikumbuke kuliko ile ya drafti. Siku hiyo Memphis ilimpeleka Hasheem Houston, pamoja na DeMarre Carroll na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti, ikampokea Shane Battier na kijana Ish Smith.

Battier alikuwa nani? Alitoka Chuo Kikuu cha Duke, mita 2.03, mwenye tuzo ileile ya mlinzi bora wa vyuo, aliyoitwaa mara tatu mfululizo, 1999 hadi 2001. Kwa hiyo siku ile wabebaji wawili wa kombe moja walipishana njiani. Mmoja alikuwa na miaka 24 na alichaguliwa wa pili. Mwingine alikaribia 33, alichaguliwa wa sita mwaka 2001, na takwimu zake za kila mechi zingemfanya mpita njia amdhanie wa benchi. Timu iliyomwacha kijana ndiyo iliyoongeza cha juu ili impate mzee.

Miaka miwili kabla, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameandika katika jarida la New York Times makala ndefu kuhusu Battier, akimwonyesha kuwa nyota asiye na takwimu. Battier hakuruka sana wala kupokonya sana. Alisoma karatasi zilizoonyesha mpinzani hukosa zaidi akitupia wapi, kisha akamsukuma kidogo kidogo kwenda hukohuko, na kumwekea mkono mbele ya macho. Mpira ukikosa, jina lake halikuandikwa popote. Mwamiaji bora hana ndege wa kuonyesha jioni. Anaonyesha mpunga.

Aprili 2011 Memphis, timu ya nane, ilikutana na San Antonio, timu ya kwanza ya ukanda wa magharibi, ambako DeJuan Blair alikuwa akicheza. Mechi ya kwanza, sekunde za mwisho, Battier alitupia pointi tatu zilizoipa Memphis uongozi, wakashinda 101-98. Wakaimaliza kazi kwa mechi 4-2, ushindi wa kwanza wa hatua ya mtoano katika historia ya klabu hiyo. Battier baadaye alitwaa ubingwa mara mbili na Miami, 2012 na 2013. Hasheem alipita Houston na Portland, akapata makazi kidogo Oklahoma City, mechi 66 msimu wa 2012/13 na 23 uliofuata. Mechi zake zote za NBA ni 224, wastani wa pointi 2.2 na bloku 0.8.

Tuzo moja, njia nyingi

Anayedhani hii ni aibu ya Mtanzania peke yake aifuatilie tuzo yenyewe ya NABC. Emeka Okafor aliitwaa 2003 na 2004, chuo kilekile cha Connecticut, kocha yuleyule, akachaguliwa nafasi ileile ya pili, mwaka 2004. Akawa mchezaji bora chipukizi wa msimu wake wa kwanza. Shelden Williams wa Duke aliitwaa 2005 na 2006, akachaguliwa wa tano, na NBA haikumfaa. Greg Oden aliitwaa 2007, akachaguliwa wa kwanza kabisa, na magoti yakamwachia mechi 105 tu. Kisha Hasheem. Makocha wa vyuo hawakukosea kuwapa. Walipima kazi ya mchezo wao, wenye dakika 40, nafasi finyu na dungu lililosimama. Waliokosea ni waliodhani kipimo hicho kinahama na mtu.

Hasheem hakuacha mpira. Alicheza Japan na Yokohama, akacheza Taiwan, kisha akarudi Dar es Salaam na kuvaa jezi ya Dar City. Huo si mwendo wa mtu mvivu.

Hapa Sumbawanga kila kijana mrefu shuleni huitwa Hasheem. Niliwahi kukaa kando ya uwanja wa saruji wa shule moja ya mjini, wanafunzi wakijiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hasheem wao alipiga bloku mbili, uwanja ukapiga kelele, mwalimu akaziandika kwenye daftari. Kulikuwa na mwingine, mfupi, mwenye raba zilizotoboka. Mara tatu mwenye mpira alimjia, mara tatu alimsogezea miguu tu, jamaa akageuka na kurudisha mpira nyuma. Hakuna aliyeshangilia.

Nilimuuliza mwalimu kijana yule amemwandikia nini.

"Huyo simwandiki," alisema. "Ila simtoi."