Nyumba ya Shamba Ikigeuzwa ya Wageni

Edmonton, kaskazini mwa London, ambako baadhi ya familia zetu zimeweka makazi, zamani palikuwa mashamba. Mwaka 1872 ilifunguliwa reli mpya kutoka jijini, ikaleta nauli nafuu za wafanyakazi, na makonde yakaanza kugeuka mitaa ya nyumba za matofali. Mwaka huohuo kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mikarafuu ilipandwa tena. Mashamba ya Edmonton hayakurudi. Katika Bury Street bado imesimama Salisbury House, jumba kongwe la mbao, lakini makonde yaliyolizunguka hayapo.

Tunaanzia hapa kwa sababu familia kadhaa zetu zina majumba ya mirathi katika vijiji vya Oman, na swali linalozuka kila warithi wanapokutana ni lilelile: tuliache libomoke, tuliuze, au tulifanye nyumba ya kulala wageni?

Mfano ulio karibu ni Misfat al-Abriyin, kijiji cha mlimani katika wilaya ya al-Hamra, Dakhiliya. Nisba hiyo si ngeni kwetu: Saleh bin Haramil al-Abri ndiye anayetajwa kuleta mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, naye alikuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani kabla Sayyid Said hajayatwaa. Huko Misfat, nyumba za mawe na udongo, zilizoezekwa kwa magogo ya mitende na zilizokuwa zimehamwa, zimefunguliwa kwa wageni na wenyeji wenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kijiji hicho katika orodha yake ya vijiji bora vya utalii.

Kilichookoa tabia ya nyumba zile ni falaj. Maji bado yanapita mferejini kwa zamu, yanashuka kwenye matuta ya mitende, migomba na ndimu. Mgeni anapoamka husikia kazi ikiendelea. Kama mitende ingekauka, vyumba vilevile vingebaki kuwa mapambo tu.

Lakini maji hayohayo ni adui wa ukuta wa udongo, na mgeni wa leo anataka bafu. Hapo ndipo majumba mengi huharibiwa: mabomba hupitishwa ndani ya kuta, kisha saruji hupakwa juu ili kuficha. Saruji hufungia unyevu, na udongo ulio nyuma yake huoza polepole pasipo kuonekana. Ni heri bafu lijengwe pembeni, uani, mabomba yabaki nje, na ukuta upakwe udongo na makapi kama walivyopaka wazee. Mwambao nako kanuni ni moja: ukuta wa mawe ya matumbawe hutaka chokaa.

Kuna jambo zito zaidi. Majumba ya mashamba ya Unguja na Pemba yalisimama kwa jasho la watumwa waliopanda, kupalilia na kuchuma, hadi amri ya mwaka 1897 ilipoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Baada ya mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa, na wengine wakagawiwa eka tatutatu. Kizazi cha mwenye jumba na kizazi cha mchumaji wote wana haki katika historia hiyo. Anayetengeneza jumba la namna hiyo kwa ajili ya wageni asitengeneze roshani ya bwana peke yake, akafukia sakafu ya kuanikia karafuu na kuvunja vibanda vya nyuma. Navyo ni sehemu ya jengo.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, tunawaomba warithi waketi na wazee, wa pande zote, waandike kila chumba kilikuwa cha kazi gani na nani aliifanya. Kuta hutengenezeka hata mwakani. Wanaokumbuka hawatungojei.