Waliogonga kutoka ndani

Hapa Miembeni, Bukoba, mtu akitaja Mei 21 huna haja ya kuuliza mwaka. Ni 1996, siku MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana mpaka leo waliokufa tunawakadiria tu: zaidi ya 800.

Ila kinachouma zaidi ni kilichofuata. Meli ilielea tumbo juu, na waliokuwa hai ndani wakawa wanagonga chuma. Waokoaji, kwa nia njema, wakakitoboa ili wawatoe. Kumbe hewa waliyokuwa wanaivuta wale wa ndani ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaishikilia meli juu. Ikatoka, meli ikazama nao.

Nawakumbuka kila nikisoma habari za Kursk, nyambizi ya Urusi yenye vinu viwili vya nyuklia. Ilizama Agosti 12, 2000 katika Bahari ya Barents. Hapakuwa na vita. Ilikuwa mazoezini, na topido yake yenyewe ndiyo iliyolipuka. Walikufa mabaharia 118. Kati yao 23 walinusurika mlipuko, wakajikusanya chumba cha nyuma kusubiri msaada, huku serikali yao ikichukua siku kadhaa kukubali msaada wa Uingereza na Norway. Walipofika, hakuna aliyekuwa hai.

Tumezoea kuambiwa nyuklia ni ya kuogopa siku ya vita. Sasa tazama: Marekani ilipoteza nyambizi Thresher mwaka 1963, watu 129, na Scorpion mwaka 1968, watu 99. Scorpion bado iko chini ya Atlantiki, pamoja na kinu chake na topido mbili za nyuklia. Vita na Urusi havikuwahi kupiganwa, lakini vyombo hivyo viko chini ya maji.

Ajali ya wakati wa amani haina adui wa kusingiziwa. Inabaki hesabu yetu wenyewe: nani alikagua, nani aliandika majina, nani alichelewa. Mwaka 2018 MV Nyerere, ya abiria 101, ilipinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai. Kuokoa tumeanza kujifunza. Kuhesabu abiria, bado.